Yule wa dirisha la tatu: “Si ulimpa PIN mwenyewe?”

Nyote mnamjua. Ofisi ya kampuni ya simu, dirisha la tatu, kalamu sikioni, simu yake mwenyewe mapajani. Leo saa nne asubuhi jaja wetu, mzee wa miaka 82, amesimama mbele yake na kitambulisho mkononi. Jana jioni bafere, wale matapeli wa simu, wamemla shilingi 640,000. Neno la kwanza kutoka kwa huyo bwana: “Si ulimpa PIN mwenyewe?” Kwa sauti ya kufika Jinja! Foleni nzima ikageuka. Jaja akarudisha kitambulisho ndani ya leso, akafunga fundo, akaondoka bila kufungua kinywa tena.

Mbele ya watu wote! Pesa ya wazee ya serikali ni 25,000 kwa mwezi. Hizo 640,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuipokea.

Na hata PIN hakumpa mtu. PIN bila laini haitoi hata mia. Mufere alipiga, akasema laini inafungwa usiku huu, akamwongoza: bonyeza hii, weka namba hii, sasa weka PIN “kuthibitisha usajili”. Ilikuwa menyu ya kutuma pesa. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye skrini, lakini jaja alikuwa na simu sikioni, angelisoma saa ngapi? Mtu anayekaa dirishani kila siku hajui hilo?

Alitakiwa kuuliza mawili tu: pesa imetoka saa ngapi, na namba ya muamala iko wapi. Halafu aangalie kama kuna mkopo. Bafere wa siku hizi wanakuongoza kwanza uchukue mkopo wa simu, MoKash au Wewole, ndipo utume vyote. Mzee anaamka hana akiba na ana deni. Lakini yeye, “Si ulimpa PIN mwenyewe?” Lile fundo la leso halinitoki.

Boda_wa_Katwe: Pole kwa jaja. Ila wewe, jana jioni mpaka leo saa nne mlikuwa mnapika nini? Unapiga 100, huduma kwa wateja, dakika ile ile, kwa laini yoyote ya mtandao huo huo. Pesa ikiwa bado kwenye laini ya mufere inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, hiyo ni kesi ya polisi. Umekuja kulilia hapa, pesa imeshakuwa chapati.

MamaTwins256: Mtu amedhalilishiwa mzazi nawe unamhesabia masaa. Mleta uzi, usikubali mtu afute zile meseji. Ya muamala ina jina la aliyepokea, namba na saa. Zinakili kwenye karatasi leo, maana simu za vitufe zikijaa kuna mtoto “anamsaidia” jaja kufuta zote.

Mnubi_Bombo: Huyo wa dirisha la tatu ana nafuu. Kwetu kituo cha polisi waliomba pesa ya karatasi! Kuandikisha ni bure. Usitoke bila namba ya SD, ile ya daftari la kituo. Bila hiyo utazungushwa mpaka viatu viishe.

Boda_wa_Katwe: Pia bonyeza *#21# kwenye simu yake uone kama simu zinaelekezwa kwingine. Zikiwa zinaelekezwa, ##21# inafuta. PIN mpya isiwe mwaka wa kuzaliwa, umeandikwa kwenye kitambulisho.

Mleta uzi: Tutafanya. Lakini mbele ya foleni, jamani? Jaja amesema hataki simu tena maishani.

Mwalimu_Arua: Msimnyang’anye! Wengi wanakosea hapo. Akikaa bila simu ataona aibu mara mbili, na likimpata lingine atalificha. Mwachie, hifadhini namba za watoto kwa majina anayoyajua, mfundisheni jambo moja tu: kupokea pesa hakudai PIN. Na kaeni macho wiki hii, atapigiwa na “afisa wa kurudisha pesa” anayedai 50,000 ya kufungua faili. Ni wale wale, namba yake wameshaiuziana.

Kijana_wa_Malaba: Mnaongea kama kila mzee ana laini yake. Ya baba imesajiliwa kwa shemeji aliyehamia Juba. Watu wa kampuni hawabadilishi, hawafungi, hawasikii. Hiyo ndiyo shida, si kalamu ya sikioni.

MamaTwins256: Ya mama ni jina lake lakini mashine haisomi vidole. Jembe limefuta alama zote. Mara tatu tumerudishwa.

Kijana_wa_Malaba: Kwenu pia? Nilidhani ni kwetu tu.

Mwalimu_Arua: Anawe kwa maji ya uvuguvugu, akaushe, apake mafuta kidogo sana kisha afute. Waombe wajaribu vidole vyote kumi, si gumba tu. Hata cha mwisho cha mkono wa kushoto, huenda kikakubali.

MamaTwins256: Hicho hawajawahi kukijaribu. Kesho asubuhi narudi naye.