Mashindano ya mashua siku ya utamaduni: tumepanga sawa?

Kijana wa Pangani: Assalamu alaikum wanajamvi. Kamati ya kijiji chetu, kusini mwa Tanga, inaandaa mashindano ya mashua za tanga siku ya utamaduni, na wageni wa hoteli wamealikwa. Vyombo ni 9, mita 6 hadi 7, vyote vya uvuvi. Tumepanga Jumamosi, mwezi mwandamo utakuwa wa siku kumi na tano, kuanza saa nne asubuhi, hadi kisiwani na kurudi, kama kilomita 8. Waliozoea ya Lamu watusahihishe kabla hatujatangaza.

Mlango wa Manda: Waalaikum salaam. Saa hiyo ibadilisheni leo hii. Mwezi 15 ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na kwenye bamvua pwani yetu yote, Lamu hadi Tanga na Unguja, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa nne asubuhi yatakuwa yamekupwa kabisa. Mashua zitalala kwenye matope na wageni watatazama mwamba. Ama mbaki na Jumamosi hiyo na kuanza saa tisa alasiri, ama mngoje maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi 8 au 9, yanapojaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Mkiahirisha kwa siku moja, ongezeni dakika 50 hivi.

Mimi ningechukua saa tisa. Upepo wa alasiri una nguvu kuliko wa asubuhi, na maji yakikaribia kusimama mkondo hulegea, kwa hiyo atakayeshinda ni baharia, si aliyebahatika kusukumwa na maji. Ila turubai la wageni liwekwe juu ya alama ya maji ya bamvua, la sivyo saa kumi viti vitaelea.

Na njia ya kilomita 8 haifai kutazamwa. Lamu mashua hushindana kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa chao na Manda, mbele ya macho ya watu. Zikienda mbali, mtazamaji anabaki na vitone vyeupe kwa saa nzima. Tegeni boya mbili, moja upande upepo unakotoka, nyingine upande unakokwenda, umbali wa kilomita moja, na mzunguke mara mbili. Mguu wa kwanza uwe wa kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo. Boya la juu, lile la upande upepo unakotoka, ndilo liwe karibu na watu, kwa sababu pale ndipo tanga linapogeuzwa, na uhodari wote uko pale.

Boya ni dumu la lita 20 lililopakwa rangi kali, na jiwe lisilopungua kilo 40. Kamba pimeni maji yakiwa yamejaa. Ikiwa fupi, dumu litazama. Ikiwa ndefu mno, litatangatanga na nahodha atalalamika kwamba limemkimbia, naye atakuwa na haki.

Fundi wa Matondoni: Nazungumzia chombo chenyewe. Kipandisheni ufukweni siku nne kabla. Kwangueni magamba na majani, babueni chini kwa moto wa makuti, tieni kalafati mpya (pamba ya kuziba mishono ya mbao) palipolegea, kisha pakeni deheni, yaani shahamu iliyoyeyushwa pamoja na chokaa. Mbao ziwe kavu, kwani deheni juu ya unyevu hubanduka ukiigusa kwa ukucha. Lakini kisikae juani kupita kiasi, mishono itafunguka. Kirudi majini walau siku moja kabla, mbao zivimbe.

Kagueni jarari, kamba ya kupandishia tanga, na demani, kamba ya kulivutia na kulilegezea. Kamba iliyochakaa hukatika pale pale wakati wa kugeuza.

Kijana wa Pangani: Shukrani sana. Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, je? Wengine wanataka mifuko mingi ya mchanga, wengine wanaikataa. Na kwenye boya tunaogopa kugongana.

Mlango wa Manda: Farumi ziwepo, lakini kwa kipimo. Mfuko usizidi kilo 25, ili mtu mmoja auhamishe upande wa upepo kila mnapogeuza. Kosa linalopindua mashua ni hili: tanga limeshageuka, mifuko bado iko upande wa zamani. Tena mashua ya mbao tupu ikijaa maji huelea, ila yenye mifuko mingi huzama. Wekeni kikomo kimoja kwa vyombo vya urefu mmoja, na hesabuni mifuko na watu mwanzoni na mwishoni, maana wapo wanaomwaga mchanga wakipata upepo wa nyuma.

Kwenye kugeuza, foromali, mti unaobeba tanga, husimamishwa wima na tanga kuzungushwa mbele ya mlingoti. Mshika demani akichelewa kuachia, tanga hujifunga mlingotini na chombo hakishiki tena usukani. Kwa hiyo wote wapite boya upande mmoja, waache nafasi ya mashua mbili, na anayekwenda na upepo ampishe anayebisha. Semeni haya mbele ya manahodha wote asubuhi ile, wayarudie kwa mdomo.

Boti mbili za injini zikae, moja kwa kila boya. Kila baharia avae jaketi la kuokolea, na kila mashua iwe na upo wa kukumbia maji uliofungwa kwa kamba.

Fundi wa Matondoni: Mstari wa kumalizia uwe kati ya boya na mlingoti uliosimamishwa ufukweni, na waamuzi wawili wasimame nyuma ya mlingoti huo. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikikata mstari, ndiyo imefika.