Daftari au kompyuta kwenye mihadhara?

Mgeni_wa_Chuo: Habari zenu wakuu. Naanza mwaka wa kwanza: takwimu, uchumi na sosholojia. Noti niandike kwa mkono au nichape kwenye kompyuta mpakato? Naomba uzoefu wenu.

Kalamu_Nyeusi: Karibu. Mimi ni daftari tu. Mwaka 2014 Mueller na Oppenheimer, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba wanaochapa huandika maneno mengi zaidi, tena mengi ni yale yale ya mhadhiri, lakini kwenye maswali ya kuelewa dhana walizidiwa na walioshika kalamu. Mkono hauifikii kasi ya mdomo, kwa hiyo unalazimika kuchuja papo hapo.

Msomaji: Mkuu, tuumalizie huo utafiti. Watafiti wengine waliurudia na kuchapisha matokeo 2021. Kunakili neno kwa neno kulionekana tena, ila safari hii waliochapa hawakupata alama za chini. Nionavyo mimi, kinachoponza si kifaa bali kunakili bila kufikiri, na hata wenye madaftari wananakili.

Namba_Tu: Kwa takwimu usijisumbue na kibodi. Mhadhiri anaandika Σ (alama ya kujumlisha), i=1 chini yake, n juu; wewe bado unaitafuta alama kwenye menyu, yeye yuko mstari wa tatu. Grafu ndiyo usiseme. Kishikwambi chenye kalamu yake kinafaa, kama unacho.

Dada_Maktaba: Sosholojia mimi nachapa. Maelezo ni marefu, na wakati wa mtihani natafuta neno moja napata kila mhadhara wa muhula lilipotajwa. Ila tafadhali zima intaneti. Utafiti wa Sana, Weston na Cepeda wa 2013, Kanada, ulikuta kwamba hata waliokaa mahali wanapoona kioo cha mwenzao anayeperuzi mambo mengine walifanya vibaya kwenye jaribio. Unamwumiza na jirani asiye na hatia.

Mgeni_wa_Chuo: Ahsanteni sana. Na uchumi, wenye grafu na maelezo?

Namba_Tu: Daftari darasani, jioni chapa muhtasari kwa maneno yako mwenyewe. Jaribu mpangilio wa Cornell, alioubuni Walter Pauk: kushoto unaacha safu nyembamba ya maswali, noti zinakaa kulia. Siku ya kurudia, funika kulia ujibu maswali kwa sauti. Swali likikushinda, wekea alama umuulize mhadhiri kipindi kinachofuata.