Seiko 5 ya zamani inasimama usiku, fundi anataka kubadilisha mpaka uso, nimkubalie?

kizito_k: Wakuu habari, nina Seiko 5 otomatiki ya marehemu mzee, mfuniko wa nyuma umeandikwa 7009. Nikishinda nayo mkononi inaenda fresh tu, nikiivua usiku asubuhi naikuta imesimama, nikiitikisa inaamka. Fundi kaicheki juu juu akasema springi imekufa na spea zake hazipatikani, so atatafuta saa nyingine mbovu ya aina hiyo anyofoe springi, na kwa vile atakuwa ameshaifungua aweke na uso mpya na akrabu mpya ipendeze. Uso wa sasa umepauka na una madoa kidogo. Nimkubalie?

lenzi_na_kibano: Mkuu usinunue spea yoyote bado. Hiyo 7009 haijazwi kwa ufunguo, inajijaza kwa kutikisika mkononi mwako tu, sasa dalili unazosema zinaweza kutoka kwenye springi au kwenye upande wa kujijaza. Mwambie fundi atoe lile bamba zito linalozunguka, aijaze kwa bisibisi kwenye skrubu ya gurudumu lililo juu ya springi, halafu iachwe mezani. Ikienda siku nzima na zaidi springi haina kosa, mbovu ni kile kipande chenye kucha mbili kinachokokota gurudumu, Seiko wanakitumia tangu 1959 na kikishalika meno basi bamba linazunguka bure. Ikisimama baada ya masaa machache ndo uanze kuongea habari za springi, na hata hapo iwe imesafishwa kwanza maana oili ikizeeka inakuwa gundi, springi nzima inashindwa kuisukuma mashine.

Mama Tiki: Naongezea hapo kwa lenzi. Springi ya kunyofoa SITAKI kuisikia, ile nayo imechoka miaka ileile kama yako. Springi mpya zipo, hata zisizo za Seiko wenyewe, zinauzwa kwa vipimo, upana, unene na urefu, ila hakikisha ni ya otomatiki kwa sababu ncha yake inateleza ukutani mwa kikopo inamokaa springi ikishajaa, ya saa ya kujaza kwa mkono imenaswa pale na haitelezi. Saa mbovu ya kuchinja nunua kwa ajili ya magurudumu, skrubu, au lile gurudumu linalocheza huku na huku. Na ulinganishe namba ya mashine ya ndani, hiyo 7009, sio sura, wauzaji wengi wanaangalia sura tu.

dogo_saa: Mi naona uso mpya poa tu, nani anataka kuvaa saa yenye madoa 😂

Mama Tiki: @dogo_saa yake yeye ni ya baba yake bwana. Nyuso mpya nyingi za hizo Seiko ni za kuchapisha upya, maandishi mazito, rangi zinazong'aa ambazo kiwandani hazikuwahi kutoka, na anayejua saa anaiona kwa mbali. Kizito badilisha kioo kama kimekwaruzika na mpira wa mfuniko, hivyo havina siri. Uso na akrabu mwambie asiguse hata kwa kitambaa, maandishi ya zamani yanatoka na vumbi. Na ukimwachia saa piga picha ya ndani mbele yake.

kizito_k: Asanteni sana, nimeelewa, nitaanza na hilo la bisibisi. Swali la pembeni, kuna namba ndefu nyuma inaanza na 83, ndo mwaka?

lenzi_na_kibano: Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili mwezi, kwa hiyo ni Machi ya mwaka unaoishia na 8. Kwa 7009 itakuwa 1978 au 1988, muongo haujaandikwa popote, uliza nyumbani mzee aliinunua lini. Halafu akimaliza iwekwe kwenye mashine ya kupimia, isome mapigo 21,600 kwa saa moja, ila uso ukiangalia juu tu haitoshi, aipime na ikiwa wima pia, hapo ndo utajua kama amesafisha kweli au kapuliza tu. Maji usiijaribu, hata na mpira mpya.