Laptopu ya 2013 inachukua dakika 6 kuwaka, nianzie wapi?

Kasi_Ndogo

Wakuu, habari za saa hizi. Nina laptopu ya nyumbani ya mwaka 2013. Prosesa ni Core i5-4200U, RAM GB 4, diski ni ile ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Tangu kubonyeza kitufe mpaka kivinjari kikubali kufunguka ni dakika 6. Feni inavuma muda wote, na chini upande wa kushoto panaunguza. Diski C imebaki na GB 11.

Nimeshafuta vilivyomo kwenye %temp% (folda ya faili za muda) na nikaweka programu moja ya kuongeza kasi. Hakuna nafuu. Inatumika kuandika, kuangalia video na masomo ya watoto tu. Naomba utaratibu: kipi kianze, kipi kifuate, na kipi nisiguse kabisa. Bisibisi ninayo na kufungua siogopi.

Bisibisi

Mkuu, cha kwanza ondoa hiyo programu ya kuongeza kasi. Nyingi za aina hiyo hujipachika kwenye orodha ya vitu vinavyowaka pamoja na Windows, kwa hiyo zenyewe ni mzigo. Zile zinazosafisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows na programu zake, ni mbaya zaidi. Rejista ina maingizo mamia ya maelfu. Ukifuta elfu mbili mashine haihisi chochote, lakini ukifuta moja lisilostahili, programu nzima inaweza kukataa kufunguka. Na kama una antivirusi mbili, bakiza moja. Zikiwa mbili kila faili hukaguliwa mara mbili.

Baada ya hapo usifute kitu kingine mpaka upime. Washa mashine, iache dakika 10 bila kuigusa, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Task Manager ikifunguka kidogo, bofya More details, halafu soma nguzo za CPU, Memory na Disk.

Ukikuta Disk iko 100% huku ikisoma MB 1 au 2 tu kwa sekunde, basi shida si wingi wa data. Ni kichwa cha diski kinachohangaika kurukaruka. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika hutumia milisekunde kama 15 hadi 18 kukifikia kila kipande kilicho mahali tofauti, yaani vipande 60 hivi kwa sekunde. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa. Fanya hesabu mwenyewe utaona dakika 6 zinatoka wapi. SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya kawaida ya SATA haina kichwa cha kusogeza, hutoa makumi ya maelfu ya vipande hivyo kwa sekunde. Hakuna usafishaji wa faili utakaoziba pengo hilo.

Memory nayo uisome pamoja na Disk, usiitenge. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu yake kwenye faili liitwalo pagefile.sys, na faili hilo liko kwenye diski hiyohiyo. Ndiyo maana upungufu wa RAM hujionyesha kama diski iliyolemewa, na watu wakaishia kulaumu kirusi ambacho hakipo.

Ukiwa hapohapo, ingia Performance, bofya CPU, tazama Up time. Ukikuta siku 20 wakati unaizima kila usiku, ujue Fast Startup imewashwa: ukichagua Shut down kiini cha Windows hakifungwi, kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho kikiwa na uchafu wake. Restart ndiyo huanza upya kweli.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: afya ya diski. Pakua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ifungue, tafuta mistari yenye namba 05, C5 na C6. 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokufa na kubadilishwa na za akiba. C5 ni sekta zilizoshindwa kusomeka na bado zinasubiri hukumu. C6 ni zilizoshindikana kabisa. Zote tatu zinatakiwa ziwe sifuri. Leta namba hapa kabla hujachukua hatua nyingine, maana utaratibu wote unabadilika kutegemea hizo.

Mapezi

Naongezea upande wa joto, maana feni inayovuma muda wote si bure.

Pakua HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi, fungua sehemu ya Sensors, cheza video dakika 10 na uangalie joto la prosesa pamoja na kasi yake. Hiyo 4200U kikomo chake ni nyuzi 100, kasi ya msingi ni GHz 1.6 na hupanda hadi 2.6. Ikigota kwenye kikomo na kasi ikashuka kuelekea GHz 0.8, prosesa inajipunguza isiungue. Hapo hata SSD haitakupa raha kamili.

Kwenye laptopu ya umri huo vumbi halikai juu ya feni, linakaa nyuma yake. Pale feni inapopulizia hewa kwenye mapezi ya shaba hujengeka tabaka nene kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kutoka nje unalisukuma tu ndani. Fungua mfuniko wa chini, na kabla ya kugusa chochote toa chaja, toa betri au chomoa plagi yake kwenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine), kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Betri ikiwa imevimba, usiibonyeze wala kuitoboa, na hiyo hairudi ndani.

Fungua skrubu za feni, inyanyue, lile tabaka litoe zima kwa kibano. Mabaki ondoa kwa brashi laini na hewa ya kopo, ukiwa umeshika mapanga kwa kidole yasizunguke. Hewa ya kopo huizungusha feni kuliko kasi iliyotengenezewa na kuharibu beringi zake. Kifyonza vumbi cha nyumbani usikisogeze karibu na mazabodi, bomba lake la plastiki hujenga umeme tuli.

Pesti ya joto ya mwaka 2013 itakuwa imekauka kama chokaa. Ukishakitoa kipoza joto, lazima uweke mpya, hakuna kurudisha juu ya ile ya zamani. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Weka kiasi cha punje ya mchele, sambaza iwe utando mwembamba unaofunika uso wote unaong'aa wa chipu. Skrubu za kipoza zina namba 1, 2, 3, 4 zilizochapwa pembeni: zifunge kwa mpangilio huo, nusu mzunguko kila moja, kisha urudie. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, bati linainama na chipu iliyo wazi inaweza kumeguka kona.

Penye kipande laini kama raba kati ya bati na chipu ndogo, usibadilishe kwa pesti. Kile kinaziba nafasi ambayo pesti haifiki.

Tabiri

Ongeza RAM iwe GB 8, shughuli imeisha. DDR3 yoyote ya laptopu inaingia.

Mapezi

Hapana, Tabiri, si yoyote, na hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Prosesa hiyo inataka DDR3L, ya volti 1.35. Ile DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia kwenye sloti vizuri kabisa kwa sababu umbo ni lilelile, lakini mashine huwa haiwaki: skrini nyeusi, pengine na mlio. Kwenye lebo tafuta PC3L-12800S. Herufi L ndiyo volti, S ndiyo umbo la laptopu.

Task Manager, Performance, Memory, itakwambia Slots used. Ikisema 1 of 2, ongeza kipande cha GB 4 pembeni ya kilichopo. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi sambamba, na chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa inafaidika kwa sababu inaazima RAM hiyohiyo.

Kasi_Ndogo

Nashukuru sana wakuu. Majibu: Memory 3.5 kati ya 3.9, Disk 100% ikisoma MB 1.4 kwa sekunde, Up time siku 31. Slots used 1 of 2.

CrystalDiskInfo imeandika Caution kwa rangi ya njano. 05 inasoma 000000000008, C5 inasoma 000000000018, C6 ni sifuri tupu.

Sekta 18 si nyingi, au? Nilitaka niendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) usiku kucha izirekebishe, kisha nihamishe kila kitu kama kilivyo kwenda SSD ya GB 480.

Bisibisi

Mkuu, usiendeshe chkdsk /r. Tafadhali izime mashine sasa, kisha usome haya kwenye simu.

Kwanza, hizo si 18. CrystalDiskInfo huonyesha namba ghafi kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 18 hapo ni sekta 24. Pili, idadi si hoja, hoja ni kwamba C5 si sifuri: kuna sehemu diski inajaribu kusoma na haiwezi, na kila jaribio linaisimamisha kwa sekunde kadhaa. Sehemu ya dakika zako 6 iko humo. chkdsk /r husoma uso wote wa diski, GB 500, ikirudia pale pabovu. Diski iliyochoka inaweza kufia katikati ya kazi hiyo, na hata ikimaliza, faili lililokuwa kwenye sekta mbovu linaweza kubaki na shimo.

Kuhamisha kila kitu kama kilivyo nako kuna vikwazo viwili. Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwa kawaida hukataa kunakili kutoka GB 500 kwenda GB 480, na kupunguza partisheni (sehemu iliyogawanywa ya diski) kwenye diski mbovu ni kuilazimisha ihamishe data yenyewe, usijaribu. Kwa hiyo SSD ipate mfumo mpya, na diski ya zamani ivunwe data tu.

Kwenye kompyuta nyingine andaa flashi ya GB 8 yenye Linux Mint (mfumo wa bure, mbadala wa Windows, unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi) kwa kutumia Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia. Washa laptopu mara ya mwisho kwa Windows, izime kwa amri `shutdown /s /t 0`. Ukiizima kwa kawaida, Fast Startup itaiacha partisheni katika hali ya usingizi, na Linux inaweza kukataa kuifungua. Washa kwa flashi bila kusakinisha kitu, chomeka diski ya nje, nakili kwanza visivyo na mbadala: picha, nyaraka, kazi za watoto. Folda moja baada ya nyingine, ndogo kwanza. Faili likigoma, liruke, endelea.

Yaliyogoma yakiwa ya lazima, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. `sudo apt install gddrescue`, kisha `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL` ujue diski ya zamani inaitwaje. Tuseme ni sda. Zifunge kwanza (unmount) partisheni zake zote, hamia kwenye folda ya diski ya nje, halafu:

`sudo ddrescue -n /dev/sda diski.img diski.map`

Mzunguko huu huchukua vyote vinavyosomeka kirahisi na kuacha pabovu. Wa pili hurudi pabovu mara tatu:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda diski.img diski.map`

Faili la .map lisipotee. Ndilo kumbukumbu ya kilichosomwa, hata umeme ukikatika utaendelea ulipoishia. Chanzo hutangulia, unakokwenda hufuata: ukigeuza, unaandika juu ya data yako. Diski ya nje iwe na nafasi inayozidi GB 500 na mpangilio wake wa faili usiwe FAT32, kwa kuwa FAT32 haipokei faili la kuzidi GB 4.

SSD yenyewe ni ya inchi 2.5, unene mm 7. Kama nafasi ya diski ni ya mm 9.5, weka fremu nyembamba ya plastiki isichezecheze kwenye plagi. Acha kama asilimia 15 wazi. Usiifanyie defragi (kupanga upya vipande vya faili), haina kichwa cha kusogea, unaichosha tu.

Nukta_Sufuri

Kuhusu mfumo wa kuweka. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na hiyo ni ya kizazi cha 4. Kwa kuandika, video na masomo, Linux Mint ya Xfce (toleo jepesi) inatosha: inahitaji RAM GB 2, inapendelea GB 4, na utakuwa na 8. Ila kabla hujasakinisha, ukiwa bado kwenye flashi ileile, jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Na kama shule inadai programu ya Windows pekee, uliza kwanza.

Video ndiyo itakayokusumbua. Chipu ya picha ya mashine hiyo inafungua H.264 (mfumo mmoja wa kubana video) yenyewe, lakini YouTube hupenda kutuma VP9, mfumo mwingine ambao kwake ni mzigo wa prosesa, feni inaanza upya kuvuma. Weka kiendelezi cha h264ify kwenye kivinjari, kinaomba H.264 badala yake. Utaiona CPU ikishuka papo hapo.

Kasi_Ndogo

Imezimwa, naandika kwa simu. RAM na SSD nitafunga siku nitakayosafisha feni, nifungue mara moja. Diski ya zamani nikishamaliza naweza kuifuta nimpe mtu?

Bisibisi

Usimpe mtu. Sekta zilizotolewa kwenye matumizi hazifikiwi tena na programu ya kufutia, kwa hiyo vipande vya data vinaweza kubaki humo, na anayeipokea anapokea diski inayokufa. Ihifadhi kwenye droo miezi michache mpaka uhakikishe picha zote zinafunguka, kisha iharibu. Ukiipiga nyundo, izungushie kitambaa kizito na uvae miwani ya kazi: sahani za diski nyingi za inchi 2.5 ni za kioo, hupasuka vipande vidogovidogo vyenye makali.