Kusuka upya kikosi cha besiboli: chipukizi wangapi, wakongwe wangapi?

Glavu_ya_Kushoto
Wakuu, naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo natakiwa kuikabidhi kamati orodha ya kikosi cha msimu ujao. Tumeshika mkia misimu miwili mfululizo, na uongozi umeamua tukifumue kikosi na kukisuka upya. Nina njia tatu: kuwaaga wakongwe wote na kuwaachia chipukizi uwanja, kubaki na wakongwe wawili tu, au kubaki nao na kumsajili wa tatu ambaye ameonyesha nia ya kujiunga nasi. Moyo wangu umeelemea njia ya kwanza, kwa sababu kijana anayekaa benchi msimu mzima hajifunzi kitu. Mnasemaje?

Takwimu_Kwanza
Ndugu, umetuuliza swali zuri lakini umetunyima karibu kila kitu cha kulijibia. Hao wakongwe wana umri gani, na wanacheza nafasi zipi? Chipukizi ni wangapi, na kati yao watupaji, yaani wanaomtupia mpigaji mpira, ni wangapi? Je, mna timu ya pili ambako kijana anaweza kucheza kila wiki, au asipopangwa kwenye kikosi kikuu ndiyo basi? Mkongwe anayelinda beisi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha mkimbiaji, na mdakaji, yaani anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, ni watu wawili tofauti kabisa, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumharibu mwingine.

Damu_Changa
Mimi sihitaji maelezo zaidi: waage wote. Houston Astros, klabu ya ligi kuu ya Marekani, walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, watu wakawacheka, nao hawakuyumba. Kijana Carlos Correa walimchukua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 2012, na mwaka 2017 wakatwaa ubingwa. Ukiondoa, ondoa kweli, kwa maana kujenga nusu nusu kunakuacha katikati, ambako hushindi leo na wala huandai kesho.

Nahodha_Mstaafu
Ndugu yangu Damu_Changa, naomba niseme kwa uchungu kidogo, kwa sababu njia hiyo nimeipita mwenyewe.

Nilikuwa msaidizi wa kocha katika klabu moja iliyowaondoa wakongwe wote kwa mkupuo. Walibaki vijana watupu, wenye mbio na mikono yenye nguvu, na mwezi wa kwanza tulifurahi sana. Shida ilianza pale tulipogundua kwamba hatuna mtu wa kutupa awamu nyingi za mchezo ili wengine wapumzike. Mzigo wote ukamwangukia kijana mmoja wa miaka 18, ambaye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wenzake. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na Major League Baseball, ligi kuu ya Marekani, pamoja na USA Baseball, chama cha besiboli cha nchi hiyo, unataka mtupaji wa miaka 17 au 18 asizidishe mitupo 105 kwa siku, na baada ya hapo apumzike siku kadhaa. Sisi tulikuwa hata hatuhesabu.

Siku moja, katika awamu ya sita, nilimwona akiweka glavu kwapani baada ya kila mtupo, kisha anasugua sehemu ya ndani ya kiwiko kwa kidole gumba. Mdakaji wake alikuwa na miaka 19, na kila alipoonyesha ishara alikuwa anatutazama sisi benchini kabla ya kumtazama mtupaji. Yule mdakaji mkongwe tuliyemwondoa angekwishasimama, akamwendea taratibu, akaufunika mdomo kwa glavu na kumwambia maneno mawili matatu, kisha angetugeukia na kutikisa kichwa. Kijana alitupa awamu mbili zaidi. Kano ya kiwiko ilikatika, akafanyiwa upasuaji ule wa kiwiko unaoitwa kwa jina la mtupaji Tommy John, na kwa zaidi ya mwaka hakugusa mpira katika mechi. Nilikuwepo, niliona, na sikusema. Kwa hiyo kabla ya kuniambia habari za Astros, niambie kwanza nani atalinda mikono ya hao watoto.

Takwimu_Kwanza
Pole sana, mzee wangu. Naongeza kwamba hata mfano wa Astros umesimuliwa nusu. Kikosi cha 2017 kilikuwa na mdakaji mkongwe Brian McCann na Carlos Beltrán mwenye miaka 40, na usiku wa tarehe 31 Agosti wakamchukua mtupaji Justin Verlander, akiwa na miaka 34, ambaye aliibuka mchezaji bora wa fainali ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Chicago Cubs nao walipoteza mechi 101 mwaka 2012, lakini waliponusa ubingwa walimlipa mtupaji mzoefu Jon Lester dola milioni 155 kwa miaka 6, na katika mchezo wa saba wa World Series, fainali ya ubingwa, ya 2016 David Ross, mdakaji wa miaka 39, aliupiga mpira ukavuka uzio.

Jambo lingine ni kwamba katika ligi kuu ya Marekani kushindwa kulikuwa kunalipwa. Aliyeshika mkia alipata nafasi ya kwanza kuchagua vijana, ingawa tangu Desemba 2022 nafasi sita za mwanzo huamuliwa kwa bahati nasibu. Klabu yenu haina uteuzi wa namna hiyo. Mkipoteza mechi zote, hakuna atakayewaletea Correa.

Damu_Changa
Hilo la uteuzi nakubali. Lakini Chicago White Sox nao walimtoa Chris Sale, mtupaji wao nyota, Desemba 2016 kwa kubadilishana na vijana, wakafika mchujo wa ubingwa 2020 na 2021, na mwaka 2024 wakapoteza mechi 121. Baada ya kuanza kushinda waliongeza wakongwe, na bado hawakuokoka. Kwa hiyo mkongwe si dawa.

Beisi_ya_Tatu
Wala hakuna aliyesema ni dawa. Mimi napenda mfano wa Detroit Tigers: walipoteza mechi 119 mwaka 2003, na mwaka 2006 wakafika World Series wakiwa na Verlander kijana na Kenny Rogers wa miaka 41, ambaye katika mechi za mchujo mwaka ule alitupa awamu 23 bila kuruhusu pointi hata moja. Walifungwa na St. Louis Cardinals, lakini fikiria Verlander alijifunza nini kwa kukaa benchi moja na mtu huyo.

Niulize pia, huku kuwachelewesha vijana ni malezi au ni biashara? Cubs walimweka kijana wao Kris Bryant nje mwanzoni mwa msimu wa 2015 hadi akahesabiwa siku 171, wakati mwaka kamili wa utumishi ni siku 172, na hivyo wakabaki naye mwaka mmoja zaidi kabla hajawa huru kuhama.

Nahodha_Mstaafu
Ile ilikuwa biashara, ndugu. Bryant alilalamika akashindwa kesi, ila kila mchezaji alielewa. Kijana aliye tayari acheze.

Glavu_ya_Kushoto
Nawaomba radhi kwa kuficha mengi bila kukusudia. Mkongwe wa kwanza ni mtupaji wa miaka 37, ambaye kasi imepungua lakini anajua kuulenga mpira. Wa pili ni mdakaji wa miaka 34 mwenye goti linalomsumbua. Huyo anayetaka kujiunga ni mpigaji anayelinda beisi ya kwanza, miaka 35. Chipukizi ni saba, watupaji ni watatu, wa miaka 17 hadi 19. Timu ya pili hatuna.

Takwimu_Kwanza
Basi naona wale wawili wabaki, maana mmoja atabeba awamu ambazo vijana hawapaswi kubeba na mwingine atawafundisha wakiwa katikati ya kazi. Wa beisi ya kwanza angemzibia kijana nafasi pasipo kumfundisha kitu.

Damu_Changa
Na goti likigoma mwezi wa pili? Mdakaji kijana aanze angalau mechi moja kati ya tatu tangu siku ya kwanza.

Glavu_ya_Kushoto
Habari ya kiwiko imenikosesha usingizi. Nimenunua kihesabio cha mkononi, na kuanzia mazoezi ya kesho kila mtupo wa wale watatu utaandikwa daftarini. Kuhusu mpigaji wa beisi ya kwanza bado sijaamua, kwa sababu msimu uliopita hatukuwa na mtu wa kuupiga mpira mbali, na kamati inamtaka. Kuna yeyote aliyewahi kumpanga mkongwe wa namna hiyo awe mpigaji maalumu tu, asiyecheza ulinzi?