Eunos Roadster ya 1991: mita giza upande wa spidi, balbu nabadilishaje bila kuharibu?

MzeeWaTaaZaKuinuka:
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri. Nina kile ki-Eunos Roadster cha 1991, injini 1600, yaani Mazda MX-5 ile ya kwanza. Mita yangu usiku upande wa RPM inaonekana fresh, upande wa spidi giza totoro. Wiki iliyopita natoka Moro, zile sehemu za 50 mnazijua na tochi za trafiki za kupima mwendo zilivyo, ikabidi mke wangu awashe tochi ya simu (hii nyingine sasa) aimulike mita mpaka Kibaha, huku nagomba naye kila dakika "shusha unanimulika machoni". Fundi wa mtaani anataka elfu 40 aniwekee LED ya utepe ndani ya mita. Moyo unakataa. Naweza kufanya mwenyewe? Nina bisibisi na Jumapili nzima.

chuma_cha_zamani:
Usikubali huo utepe mkuu nakuomba. Mimi niliwekewa kwenye Celica, akakata waya akaunga na gundi, baada ya mwezi ule utepe ukabanduka ukalalia mshale wa spidi, nikawa natembea 30 muda wote hata nikiwa nimesimama.

DadaSpana:
Kaka kabla hujafungua kitu washa pakingi tu, zungukia nyuma uone kama taa nyekundu zinawaka. Fyuzi ya TAIL ndiyo inalisha hizo na taa za mita. Ila kwa kuwa upande mmoja unawaka basi fyuzi ni nzima, ni balbu imekata au soketi imelegea. Pia kuna kile kigurudumu cha kupunguza mwanga, kizungushe mara kadhaa mwisho huku na mwisho kule, watu wameshafungua dashibodi nzima kumbe mtoto alichezea.

MzeeWaTaaZaKuinuka:
Dada nyuma zinawaka, kigurudumu nimezungusha hamna kitu. Nina balbu za pakingi mpya ndani, nimeona ni zile zile za kioo tupu zisizo na chuma chini. Si naziweka tu?

DadaSpana:
HAPANA. Hapo ndipo wengi wanaunguza mita. Kitako ni kimoja, T10, zinaingia vizuri kabisa, ila ya pakingi ni wati 5 na ya mita ni wati 3.4. Unaona tofauti ndogo, lakini kule nyuma ya mita ni kijumba cha plastiki hakina hewa na zile njia za umeme ni karatasi laini ya plastiki iliyopakwa shaba, joto likizidi inajikunja na kubabuka, ukifika hapo hutafuti balbu tena unatafuta mita nzima. Ukienda Gerezani kwenye maduka ya spea usiseme "nipe balbu ya mita", sema volti 12 wati 3.4, usome maandishi kwenye kitako kabla hujalipa. Na chukua vile vidogo vya T5 vya taa za tahadhari, hivyo ni wati 1.4. Ukishafungua badilisha zote, zimezeeka pamoja hizo.

Mombasa_Rodi:
Mimi nimeweka LED, mwanga mweupe poa sana. Ila jua mambo mawili. LED ina upande, isipowaka itoe uigeuze kabla hujamtukana muuzaji. La pili taa ya betri usiiguse, iachie balbu ya kawaida, kwa gari nyingi za zamani umeme unaopita kwenye hiyo balbu ndio unaamsha altaneta, ukiweka LED unaweza washa gari na isichaji mpaka ukanyage mafuta.

chuma_cha_zamani:
Na kigurudumu cha mwanga kwa LED mara nyingi hakielewani, mwanga haupungui vizuri. Mimi balbu ya kawaida inanitosha, gari ya 1991 iwake kama ya 1991.

DadaSpana:
Sasa kazi yenyewe. Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Fungua ganda la shina la usukani, halafu skurubu za kile kibanda cha juu ya mita, kivute taratibu, plastiki ya miaka 30 na jua la Dar ni biskuti. Fungua skurubu za mita, ivute kidogo TU, usiing'oe, kwa sababu spidi ya hiyo gari ni ya kebo. Pitisha mkono nyuma, utapapasa kiulimi cha plastiki, kibonyeze kebo itoke, ndipo uchomoe plagi. Piga picha kila hatua. Soketi unazizungusha robo mzunguko kinyume na saa. Pale miguu yake inapogusa shaba sugua kwa ufutio wa penseli, sio msasa. Mishale usiiguse hata kwa bahati mbaya.

MzeeWaTaaZaKuinuka:
Wakuu mrejesho. Imenichukua masaa matatu na nusu, lisaa zima ni ile kebo, nimeitukana kwa lugha zote na kidole gumba hakikunji. Dada ulijuaje? Ile balbu iliyokata ilikuwa ya wati 5! Mwenye gari wa kwanza alishafanya ujanja huo huo, plastiki pale imekuwa ya kahawia kama maandazi, bahati nzuri njia ya shaba haijakatika. Nimeweka 3.4 zote, nikasugua na ufutio wa mwanangu, usiku mita inawaka mpaka namba 180 nazisoma. Mke kashukuru simu yake imepumzika. Ila nimebaki na skurubu moja mkononi sijui imetoka wapi, na hakuna kinachocheza.

chuma_cha_zamani:
Pita barabara ya vumbi, itajitambulisha yenyewe.