Wilaya imebeba kombe la ufaulu, shule imepata ngao, na mimi nadaiwa elfu tatu ya kabati la kuwekea hiyo ngao

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika na hasira zangu, asiyetaka kusoma apite kimya kimya.

Jana mwanangu wa darasa la tatu kaniletea kikaratasi kimekunjwa ndani ya daftari la Hisabati: kila mzazi achangie 3,000 kwa ajili ya kabati la kioo la kuhifadhia ngao ya shule, mwisho Ijumaa. Kabati la kioo, jamani! Shule ina watoto zaidi ya 900 na matundu manane ya choo, mawili kati ya hayo yamezibwa kwa bati tangu masika yaliyopita. Mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, pigeni hesabu wenyewe. Lakini ngao isipate vumbi.

Niseme mapema, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, mwaka wa nne huu. Asinijie mtu na "wewe mzazi hujui mambo ya ndani". Nayajua. Mengine nimeyawekea saini, ndiyo maana usingizi hauji.

Ngao imetoka wapi? Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, mkoa ulifanya kikao chake cha tathmini ya elimu, wilaya yetu ikabeba kombe la kupandisha ufaulu. Likaingia mjini kwenye gari lililowasha taa mchana kweupe, bodaboda wanalisindikiza na honi kana kwamba tumechukua ligi. Wiki mbili baadaye wilaya nayo ikaandaa hafla yake: mahema, muziki, MC, shule zinaitwa moja moja. Yetu ikapewa ngao kwa ufaulu wa asilimia 94. Mwalimu wa Hisabati akapata cheti na doti ya kitenge. Nilikuwepo. Nimepiga makofi na pilau nimekula.

Niliporudi nyumbani ndipo nikashika kalamu.

Hiyo 94 ni watoto 79 waliofaulu kati ya 84 waliofanya mtihani. Sawa. Sasa hao watoto walipokuwa darasa la tano walikuwa 121. Nina muhtasari wa kikao, na nakumbuka vizuri kwa sababu siku hiyo tuligombana kuhusu madawati. Tisa najua walihama na wazazi wao. Wanabaki 112. Hao 28 wameyeyukia wapi? Maana 79 kwa 112 ni asilimia 70 na ushee, na kwa 70 hakuna mtu anakupigia tarumbeta.

Nitawaambia walipo, kijiji chetu si kikubwa. Wengine wamerudishwa darasa la sita. Wengine wazazi wao waliitwa mmoja mmoja wakaambiwa mtoto hana uwezo, ya nini kujipa gharama. Wanne nakutana nao kila siku: watatu wanachunga mbuzi za watu, mmoja anauza karanga stendi. Kwenye daftari la mahudhurio wameandikwa watoro.

Mchezo wenyewe ni mwepisi. Asilimia ya ufaulu hugawanywa kwa waliokaa kwenye chumba cha mtihani, siyo kwa walioandikishwa. Ukitaka ipande, ama ufundishe, na hapo utahitaji walimu, vitabu na miaka saba, ama uwapunguze wa chini kabla ya usajili wa mtihani, na hapo utahitaji kikao kimoja tu na wazazi waoga.

Mzazi mwoga mmojawapo ni mimi. Kati ya hao 28, mmoja analala kwangu. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 14 sasa. Mwaka jana Januari, badala ya kuingia la saba, niliitwa shuleni. Mwalimu akanikaribisha kiti, akaongea kwa upole kabisa: "Baba Juma, huyu binti tumpumzishe la sita mwaka mmoja, akomae kidogo. Ni kwa faida yake." Nikajibu sawa mwalimu, asante mwalimu. Nikashukuru! Mwaka huu kaenda na sare mpya, kaambiwa jina lake halipo la saba, arudi la sita kwa mara ya tatu. Akaja akakaa jikoni bila kuvua viatu. "Mjomba, kwani mimi nina ugonjwa gani?"

Wakuu, huyo mtoto ananisomea mikataba ya mkopo wa VICOBA. Hesabu za duka langu anazipiga kichwani wakati mimi natafuta kikokotoo. Kinachomvuta chini ni Kiingereza, na Sayansi, ambayo mwalimu wake alikwenda likizo ya uzazi na hakuletwa mwingine. Na swali langu kwa walimu na maafisa elimu mliomo humu ni hili: upimaji wa kitaifa uko darasa la nne, na binti aliupita. Darasa la sita hakuna mtihani wa taifa. Sasa alifeli mtihani gani mpaka akaririshwe mara mbili?

Hata waliobaki ndani hawafundishwi sawasawa. Mtihani wa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia 121. Mwenye 121 na mwenye 290, kwenye asilimia ya wilaya wote ni "amefaulu", uzito mmoja. Basi baada ya mtihani wa majaribio watoto wanapangwa mafungu. Wenye A na B wanaachwa, watafaulu wenyewe. Wa chini kabisa wanaachwa, hawana faida. Nguvu yote inakwenda kwa wenye 100 mpaka 120, ambao kwetu wanaitwa "wa kusukuma". Hao ndio wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Na kwa kuwa maswali mengi ni ya kuchagua jibu, wanafundishwa mpaka ujanja wa kusiliba, yaani kutia weusi herufi ya jibu kwa penseli: ukikwama usiache wazi, shika herufi moja siliba nayo mpaka chini. Mtoto wa jirani yangu ni mmoja wa hao 79. Yuko kidato cha kwanza, na juzi kaniomba nimsomee barua aliyopewa ampelekee baba yake. Ilikuwa ya Kiswahili.

Halafu kambi. Kuanzia mwezi wa sita darasa la saba wanalala shuleni, sakafuni, kila mtu na mkeka wake. Mzazi anatoa debe la mahindi, kilo tano za maharage, na 15,000 ya kuwalipa walimu wa muda wa ziada. Mtaniuliza, si elimumsingi ni bila malipo? Ndiyo, kuna Waraka Na. 5 wa 2015, na tangu Januari 2016 ruzuku inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ndiyo maana mchango unaitwa wa hiari. Hiari yake ni kwamba mtoto ambaye kwao hawajatoa jina lake linasomwa mstarini mbele ya wenzake. Muhtasari wa hiyo hiari una saini yangu ukurasa wa tatu.

Kwa hiyo tukisema wilaya "imepata" kombe, tujue limenunuliwa na nani.

Walimu siwabebeshi lawama zote. Mwalimu mkuu wetu aliyetangulia aliandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu shule ilishuka kwa asilimia nne mwaka ambao walimu watatu walihamishwa. Aliyemfuata kajifunza haraka.

Na kama hamjaona namna wanavyofundishwa hofu, ngoja niwasimulie sehemu ya hafla ambayo hata kwenye picha za ofisi haikuwekwa. Baada ya ngao zote, MC akatangaza kwa sauti ya mzaha kwamba sasa tunawaita walioburuza mkia. DJ akapiga wimbo wa msiba. Akatoka baba mmoja wa makamo, mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya mto, akakabidhiwa kinyago cha mti kimetoa ulimi. Atakaa nacho ofisini mpaka atakapopata mwenzake wa kumrithisha. Watu wazima, wenye vyeo, wakacheka hadi kupiga meza. Yeye alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema asante.

Jioni nikamkuta stendi, kinyago kakifunga ndani ya koti. Nikamwamkia, tukakaa. Ana walimu watatu, yeye wa nne, kuanzia awali mpaka la saba. Masika watoto wa vitongoji viwili hawavuki mto, wanakaa nyumbani wiki nzima. Nikamuuliza alisajili wangapi. Arobaini na mmoja, darasa zima. "Hata yule anayeandika jina lake kwa shida nilimsajili. Ni mwanafunzi wangu, sasa nimfiche wapi?"

Huyo ndiye aliyepewa kinyago. Sisi tuliowapoteza 28 tunatafuta fundi wa vioo.

Kwa wale vijana wanaodhani haya yameanza jana: baada ya matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa waliambulia daraja sifuri, serikali ilikuja na mpango wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013. Shule zikaanza kupangwa kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, na mwaka 2014 ikaja Wiki ya Elimu pale Dodoma na zawadi zake. Angalau wakati ule zilizopanda kutoka chini nazo zilituzwa, si za juu peke yake. Lakini kigawanyo kilikuwa kile kile, waliofanya mtihani, na walimu wakuu wakakielewa upesi kuliko waliokibuni. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani lenyewe likaachana na kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likisema ni kama kuzifanyia shule matangazo ya biashara. Nikasema Mungu ni mkubwa. Kumbe kilichofungwa juu kimehamia chini! Mikoa, wilaya, mpaka kata, kila mtu anapakua matokeo, anajipangia jedwali lake na kuchonga ngao zake kwa fundi wa mjini.

Ninachotaka si kwamba tuzo zifutwe. Mwalimu wa Hisabati wetu anastahili ile doti ya kitenge na zaidi, yule dada anafundisha. Nataka kigawanyo kibadilishwe. Siku hizi kila mtoto wa msingi ana namba yake ya PREM, ule mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi. Aliandikishwa lini, yuko darasa gani, kahamia wapi, vyote vimo humo. Afisa elimu akitaka kujua shule ipi imewafikisha wangapi kutoka la kwanza hadi la saba, anafungua kompyuta. Kombe litolewe kwa hesabu hiyo, tuone litakwenda kwa nani. Na mwalimu mkuu atakayekaririsha mtoto darasa ambalo halina upimaji aandike sababu kwa mkono wake na mzazi apewe nakala, siyo kuitwa pembeni na kubembelezwa kama nilivyobembelezwa mimi.

NYONGEZA: Naona mkuu mmoja anasema shule binafsi nazo zinachuja, mbona hatulalamiki. Binafsi wanakuandikia wastani kwenye fomu siku ya kwanza, na ukifukuzwa unakuja ya serikali. Akifukuzwa ya serikali anakwenda wapi? Stendi, kuuza karanga. Na wewe unayesema nina wivu na heshima ya wilaya, njoo nikuonyeshe choo.

NYONGEZA 2: Nimetoka kupigiwa simu na mwalimu mkuu, sijui kapata wapi habari za uzi huu. Kasema suala la kabati linazungumzika, na la binti "tutaliangalia usajili ukishapita". Ukishapita! Nimemwambia kesho saa moja asubuhi niko mlangoni kwake na binti, sare imepigwa pasi, matokeo yake ya darasa la nne mkononi, na sitoki mpaka jina liingie. Elfu tatu ya kabati asinidai tena. Nimemnunulia penseli za HB.